Hapa Hakuna Mwokaji

Palikuwa na nyumba moja, jamani, ambayo ukiipita asubuhi tu unajua ndani mna watu wenye raha. Baba wa nyumba hiyo alikuwa mkuu wa tanuri katika kiwanda cha mikate, na mji mzima ulimwita Mwokaji, hata watoto wasiojua jina lake halisi. Akirudi zamu ya usiku, nywele nyeupe kwa unga, mama yake mzazi humtania: "We mtoto, umezeeka kuliko mimi! Njoo uegemee bega langu." Mkewe hucheka jikoni, na binti yao mdogo humpangusa baba uso kwa kitambaa. Utajiri haukuwepo, lakini chai ilikuwa ya moto na mkate ulikuwa wa moto.

Kiwanda kikafungwa. Hakuna aliyeelezwa lolote; wafanyakazi walifika siku moja wakakuta kufuli getini, basi. Mwokaji akahangaika huku na huko, vitu vya ndani vikaenda kimoja kimoja, hata kabati la vyombo. Na bado, kilichomuuma zaidi hakikuwa njaa. Zilimuuma zile pole za watu. Sokoni pole, njiani pole, kwa muuza mkaa pole. "Pole Mwokaji, nasikia siku hizi mnapika mara moja kwa siku." Wakampa pole mpaka akawachukia, masikini, watu ambao hawakuwa wamemkosea kitu.

Ndiyo maana alipopata kibarua mji wa mbali, cha kupakia saruji kwenye malori, alifunga virago bila kuaga. Walipofika kwenye vyumba vyao viwili vya kupanga, hata mizigo haijafunguliwa, aliwakalisha wote chini.

"Sikilizeni. Hapa sitaki mazoea na mtu. Tukiulizwa tumetoka wapi, tumetoka mbali. Nikiulizwa nilikuwa nafanya kazi gani, ni hii hii. Hilo neno mwokaji nisilisikie tena."

"Hata huyu jirani wa ukuta mmoja?" mkewe akauliza.

"Huyo ndiye wa kwanza."

Mama yake akamtazama. "Kwani tumeiba, mwanangu?"

"Mama, niachie mimi."

Jirani wa ukuta mmoja alikuwa kinyozi, mtu wa maneno mengi. Kila asubuhi alimpigia ukelele: "Jirani, umeamkaje!" akajibiwa kwa kikohozi. Mtaa wa pili alikuwepo mwanamke mshona nguo, wote wakimwita Fundi. Fundi hakumjua baba huyu kwa sura, na binti alipoanza kucheza na watoto wa Fundi, aliitwa ndani na mlango ukafungwa.

Msimwone mtu mbaya, tafadhali. Jioni, mtu huyo huyo alikaa sakafuni akimkanda mama yake miguu kwa mikono iliyopasuka kwa saruji, akimuuliza, "Hapa? Au juu kidogo?" Aliwapenda watu wake. Haya tu ilikuwa imemkaba.

Sasa, kumbukumbu za bibi, huyo mama yake Mwokaji, zilikuwa zimeanza kumtoka. Kule kwao halikuwa jambo kubwa. Akipotea njia, mtu yeyote humshika mkono: "Mama Mwokaji, nyumbani ni huku." Lakini huku nani angemshika mkono? Mwanawe kazini, mkwewe anaosha vyombo kwenye mgahawa, mjukuu shuleni. Bibi alibaki ndani na redio; hata kinyozi hakuwahi kumwona. Alimjibu msoma habari neno kwa neno, kisha akamlaumu kwamba hana adabu, anasalimiwa haitikii. Mkwewe aliposimulia hayo, wote walicheka. Laiti wangesikiliza badala ya kucheka.

Siku moja Mwokaji alirudi mapema, mke na binti hawajarudi. Pazia la chumba cha mama yake lilikuwa limeshushwa, akajua amelala. Akanyata asimwamshe. Yuko kwenye beseni ananawa saruji, hodi ikapigwa. Akafungua, akamkuta mwanamke mwenye futi ya kupimia nguo shingoni.

"Samahani kaka. Namtafuta mwokaji, nimeambiwa ni wa mji huu huu."

Nani amesema? Nani ametoa siri? Uso ukamwaka moto mpaka masikioni.

"Hapa hakuna mwokaji."

"Humjui hata kwa kusikia? Maana kuna..."

"Dada, nimeshasema. Hakuna!"

Akafunga mlango. Akamaliza kunawa, akapasha chai, akamimina kikombe cha mama yake na kuongeza sukari jinsi anavyopenda. Akafunua pazia.

Kitanda kitupu. Chini, kandambili moja.

Mmeelewa, ndugu zangu? Aliyekuwa akitafutwa ni yeye, na aliyefungiwa mlango ni mama yake. Alielewa pale pale, chai ikamwagika. Mwisho wa mtaa ule kulikuwa na barabara ya malori, yale yale aliyoyapakia kila siku.

Akatoka mbio na sabuni sikioni. "Mmemwona mama yangu?"

"Mama yako yupi?" watu wakamuuliza. Hawakumkejeli. Hawakumjua yeye, sembuse mama yake. Akakimbia mpaka kwa kinyozi, akashika mwimo wa mlango.

"Jirani," alisema, kwa mara ya kwanza tangu wahamie. "Jirani, nimempoteza mama yangu."

Kinyozi akazima mashine. "Bibi mfupi, mguu mmoja hauna kiatu? Fundi alimkuta katikati ya barabara, lori limefunga breki mbele yake. Tukimuuliza anakaa wapi, anasema neno moja tu: 'Mimi mama yake Mwokaji, kila mtu anamjua.' Tumegawana milango yote mitaa hii. Tumekosa, Fundi amempeleka kituo cha polisi." Akakung'uta nywele kwenye aproni. "Lakini kwako Fundi si alipita?"

"Alipita. Nikamwambia hakuna." Akauachia mwimo. "Ni mimi, jirani. Mimi ndiye mwokaji. Kiwanda kilifungwa, nikaona haya, nikawaficha wote." Akalia, mwanaume mzima, mbele ya wateja.

Kinyozi angeweza kumsema, na haki alikuwa nayo. Badala yake alivua aproni. "Twende," alisema, na mteja akabaki kitini na kichwa nusu msitu nusu uwanja wa mpira.

Kituoni walimkuta bibi kwenye benchi, amelalia bega la Fundi, mguu wake mtupu umefungwa kwa kipande cha kitambaa cha maua. Mwokaji akapiga magoti.

"Mama! Ulitoka kutafuta nini?"

"Mtu wa kuongea naye," bibi akasema. "Mle ndani hamna watu."

Hakusema kwa hasira, na hilo lilimchoma mwanawe kuliko matusi. Akainua macho kwa Fundi, akisubiri kusemwa.

"Kumbe ndiye wewe," Fundi alisema.

"Ndiye mimi. Nisamehe, dada."

Fundi akaweka sawa kichwa cha bibi begani. "Mama amenisimulia habari zako njia nzima. Jinsi mji ulivyokuwa unaamka kwa mikate yako. Nami nikajisemea, huyu mtu natamani nimjue."

Bibi akamwekea mkono kichwani, akawageukia askari, kinyozi na Fundi, uso umemchangamka.

"Si niliwaambia? Kila mtu anamjua."

FUNZO

Ndugu zangu, kufungiwa kiwanda si aibu, na kubeba saruji si aibu. Aibu ni ugonjwa, na ukiuficha unawaambukiza wa nyumbani. Mwokaji alidhani anafunga mlango watu wasiingie, kumbe alimfungia mama yake ndani. Ukihamia ugenini, jitambulishe, na uwatambulishe wazee wako na watoto wako, ili siku wakipotea pawe na wa kusema, "Huyu namjua, ni wa nyumba ile."

Nanyi wenyeji, mgeni akikujibu kwa kikohozi, msalimie tena kesho. Na unapompa mtu pole, mpe kama kinyozi, kwa miguu. Leo kabla hujaingia ndani, mwambie jirani yako kwamba nyumbani kwako kuna mama.