Baba Si Kinywaji

Kila asubuhi, nyumbani kwake Buseresere, Eunice alimnywesha chai baba yake, Mzee Ngassa. Mzee alikuwa amepata kiharusi. Mkono wake ulilegea, na maneno yalimtoka kwa shida. Kila alipokunywa, alipaliwa. Sasa aliogopa hata maji, ingawa alikuwa na kiu.

Hospitalini Eunice alipewa kopo la unga mweupe na karatasi. Muuguzi alimweleza, lakini kwa wasiwasi hakushika neno. Karatasi ilisema: "Thicken all drinks."

Mumewe Mwita, mchimbaji wa dhahabu, aliisoma.

"Hili ni neno 'chicken', yaani kuku. Herufi ya kwanza wameikosea tu."

"Kuku vinywaji vyote? Ndiyo nini, Baba Onesmo?"

"Anywe supu ya kuku, basi!"

Eunice alifungua kamusi ya mtoto wao, Onesmo. "Hapa wanasema ni kufanya kitu kiwe kinene."

"Si nimesema? Mzee anenepeshwe. Kwa kitu gani? Kwa kuku!"

Jogoo alichinjwa. Supu ilikuwa nyepesi kama maji. Mzee Ngassa alipiga funda moja, akapaliwa. Pumzi ilikwama. Eunice alipiga yowe.

Bi Mwasiti, jirani yao na muuguzi mstaafu, aliingia mbio. Alimwinamisha mzee mbele, akampigapiga mgongoni hadi pumzi ikarudi.

"Nani amempa supu nyepesi namna hii?"

"Shikamoo, Bi Mwasiti," Mwita alisema kwa aibu. "Imeandikwa kuku."

"Marahaba. Kuku ni nomino, Mwita. Hili ni kitenzi, nacho kinaamuru tendo. Mama Onesmo, uji ukiwa mwepesi, unafanyaje?"

"Naongeza unga, nakoroga mpaka uwe mzito."

"Tendo hilo ndilo 'thicken'."

"Lakini kamusi imesema unene!" Mwita alijitetea.

"Kamusi haikukosea. Ninyi hamkuuliza kinachofanywa hivyo ni nini. Karatasi inasema vinywaji. Baba yenu si kinywaji!"

Mzee Ngassa alicheka upande mmoja wa mdomo.

"Basi nitie unga wa sembe kwenye chai?" Eunice aliuliza.

"Hapana! Tumia unga wa kopo hili, kwa kipimo kilichoandikwa. Maji mepesi hukimbia. Koo lililolegea huchelewa kumeza, nayo huingia njia ya hewa. Kinywaji kizito huenda polepole, koo likakiwahi. Aketi wima, anywe kidogo kidogo. Na leo hii mrudisheni hospitali wampime kifua."

Hospitalini mapafu yalikutwa salama. Waliporudi, Bi Mwasiti akisimamia, Eunice alipima unga, akakoroga maji, akasubiri yawe mazito. Mzee Ngassa alimeza kijiko kimoja. Wote walimtazama. Hakukohoa. Alimeza cha pili, kisha akamaliza kikombe kizima.

"Wabeja," alishukuru kwa Kisukuma. Halafu akanyoosha kidole kuelekea jikoni. "Na... kuku?"

"Naye tumfanye mzito?" Mwita aliuliza.

"Supu yake, Mwita!" alifoka Bi Mwasiti. "Supu!"