Redio ya Mama na Chafya ya Baba

Mama yangu ni dobi, na mimi ni dobi. Banda letu ni chumba kimoja. Lina meza mbili za kupigia pasi, dirisha moja, na rafu ya mbao. Juu ya rafu hiyo ilikaa redio ya Mama.

Mama hana saa. Redio ndiyo iliyokuwa saa yake. Taarifa ya habari ilikuwa ya mashati. Mashati yanataka akili, habari nazo zinataka akili, basi viende pamoja. Vipindi vya salamu vilikuwa vya suruali. Ijumaa alasiri, kipindi cha nyimbo za zamani kilipoanza, Mama alitoa mashuka ya nyumba ya wageni. Shuka halina kola wala mfuko. Mkono unakwenda wenyewe, mvuke unapanda, na Mama anaondoka zake huku amesimama palepale. Ukitaka kumwita Ijumaa alasiri, ita mara tatu.

Kulikuwa na sababu. Baba yangu alikuwa dobi siku za kazi, na Jumamosi alipiga ngoma kwenye bendi. Bendi hiyo ilirekodi wimbo mmoja tu, kwenye studio ya redio. Studio ilikuwa na vumbi. Wimbo ulipokwisha, kabla fundi hajazima mashine, Baba akapiga chafya. Wenzake wakaangua kicheko. Fundi naye alikuwa mtu wa mzaha, hakuifuta. Chafya ya Baba ikabaki mwishoni mwa wimbo.

Mimi wakati huo nilikuwa tumboni. Baba alifariki kabla sijaota meno. Katika wimbo ule haimbi, anapiga ngoma tu. Kwa hiyo sauti yake iliyobaki ni chafya hiyo moja.

Tangu nizaliwe, Mama ameisikia redioni mara tatu. Kila mara humjibu, "Afya!" kama vile wameketi meza moja. Na mimi? Mara ya kwanza nilikuwa shuleni. Mara ya pili nilikuwa nimetumwa sabuni. Mara ya tatu, jamani, nilikuwa nimelala juu ya rundo la mashuka. Mama aliponiamsha, wimbo ulikuwa umekwisha. Sasa nina miaka thelathini na moja, na sikuwa nimewahi kumsikia baba yangu. Ndiyo maana Ijumaa alasiri hata mimi sikuwa nakwenda popote.

Basi Jumatatu moja redio ikaamka na shshshsh.

"Betri hizo," Mama akasema. Akazianika dirishani zipate jua. Wapi! Shshshsh.

"Basi ni eriali," akasema. Sisi madobi tuna dawa moja ya kila ugonjwa, nayo ni henga ya waya, ile ya kutundikia nguo. Bomba likiziba, henga. Mlango ukigoma, henga. Mama akafunga henga moja kwenye eriali. Kisha ya pili. Kufikia Ijumaa redio ilikuwa na henga saba kichwani, na bado ilikuwa shshshsh tu.

Ijumaa hiyo ikapita kimya. Ya pili nayo ikapita.

Mama akapotea. Hakujua tena wakati wa mashati wala wakati wa suruali. Alishika pasi, akatazama dirishani, akausahau mkono. Wiki ya tatu tukasikia harufu ya kuungua. Ilikuwa kola ya shati la mlinzi. Mama akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Labda wimbo wameshaupiga," akaniambia. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Labda waliupiga Ijumaa iliyopita, na sisi hatukusikia."

Nami nilikuwa nawaza hivyohivyo.

Mlinzi huyo tunamwita Mlingoti. Analinda geti la ghala la jirani, na kazi yake ni kusimama kwa muda wa saa kumi na mbili mfululizo. Jioni alipokuja kuchukua sare zake, Mama alimpa shati kwa mikono miwili.

"Mwanangu, nimekuunguzia. Nisamehe. Kola nitakushonea nyingine."

Mlingoti akalitazama shati. "Miaka sita, mama, hujawahi kuniunguzia hata kifungo. Kuna nini humu ndani?" Halafu akaiona rafu. "Na hiyo je? Siku hizi mnafuga kunguru, mmemjengea kiota cha waya?"

"Ni redio," nikasema. "Imekufa."

Akaisogelea, akasikiliza kidogo. "Mnatafuta stesheni gani?"

Tukamwambia.

"Ahaa! Redio yenu ni nzima kabisa. Stesheni ndiyo iliyohama. Wameuzima mtambo wa zamani, sasa wanasikika kwa mtandao tu. Walitangaza miezi mitatu mfululizo."

Mama akainamisha kichwa. "Niliwasikia. Nikadhani mambo hayo ni ya vijana, hayanihusu."

"Na wewe kaka umejuaje yote haya?" nikamuuliza.

"Dada, mtu akisimama kutwa nzima bila cha kusikiliza, ataanza kupiga soga na geti. Sikio moja ni la kampuni, sikio moja ni langu."

Nikamweleza kwamba nami nilijaribu kuutafuta wimbo wa Baba kwa simu. Nilifungua video za nyimbo, bando likaisha kabla ya saa sita mchana. Ukurasa mwingine ukataka namba ya kadi ya benki.

"Hukuitoa?"

"Ningetoa nini, kaka? Kadi yenyewe sina."

Mlingoti akacheka, akavuta kigoda. Siku hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona ameketi.

"Shika simu wewe mwenyewe," akasema. "Nikikushikia mimi, kesho utasahau. Andika jina la stesheni, lote. Yatatokea mengi, usikimbilie la kwanza. Tafuta lenye jina lao kamili na vipindi unavyovijua. Kusikiliza stesheni hii ni bure. Ukiombwa namba ya siri au namba ya kadi, toka."

Nikatafuta, nikaipata.

"Sasa, bando. Wewe unataka sauti, lakini ukifungua video unaletewa na picha. Picha ndizo zinazokula bando. Chagua sauti tupu. Tena pale maktaba kuna intaneti ya bure. Nenda ukapakue vipindi, yaani uviingize ndani ya simu. Ukirudi hapa unasikiliza bila bando hata chembe. Ila kwenye intaneti ya wote usifungue mambo yako ya siri."

"Na hapa wameandika nini?" Mama akauliza. Kuuliza si ujinga, na Mama haoni haya.

"Hapa juu ni 'Mubashara'. Ni kile wanachorusha sasa hivi. Hapa chini ni 'Podikasti'. Hivyo ni vipindi wanavyovihifadhi, uvisikilize saa unayotaka. Ukikosa cha Ijumaa, Jumatatu utakikuta."

Mama akainuka kwenye ndoo. "Ijumaa zilizopita zimo humo?"

"Zimo."

"Nyingi?"

Mlingoti akaniambia nitelezeshe kidole. Nikatelezesha. Ijumaa zikapanda moja baada ya nyingine, za mwaka huu, za mwaka jana, za miaka tisa. Kila moja ilikuwa na tarehe yake.

"Kumbe hazikwenda," Mama akasema polepole. "Mimi nilidhani zikipita, zimekwenda."

Niliandika jina la wimbo, halikutokea. Bendi ilikuwa ndogo, na vipindi vile viliandikwa tarehe tu. Hapakuwa na njia ya mkato. Ilibidi tuzisikilize Ijumaa zote. Basi kila Jumamosi nikawa nakwenda maktaba kupakua, na wiki nzima tunasikiliza. Simu tuliiweka ndani ya bakuli tupu, kama Mlingoti alivyotufundisha, sauti ikakua ikajaa chumba. Henga saba zikarudi kwenye nguo.

Tatizo likawa adabu ya Mama. Alikataa katakata kusimamisha kipindi. Mteja akija, anamnong'oneza, "Subiri, mwanangu, kuna mtu anaongea."

"Mama, bonyeza hapa asimame," nikamwambia. "Mteja akiondoka, ataendelea."

"Nimkatize mtu mzima maneno yake? Nimelelewa wapi mimi?"

Mlingoti akajaribu kumsaidia. "Mama, huyo alishamaliza kuongea miaka mitatu iliyopita. Sasa hivi pengine anakunywa chai kwake."

Mama akawaza sana. "Basi huyu aliye kwenye bakuli ni nani?" akauliza. Wateja wakaendelea kunong'onezwa.

Miezi ile ilikuwa mitamu. Tulipomaliza Ijumaa tano au sita, tulipumzika kwa vipindi vingine. Tulimpata mwanamke anayefuga nyuki, anaongea kama anaogopa kuwaamsha. Tulimpata mtu anayerekodi mvua tu. Mvua kwenye bati, mvua kwenye majani, mvua baharini. Mama alimpenda huyo kuliko wote. Nje jua kali, ndani mvua inanyesha kwenye bakuli, mvuke wa pasi unapanda, na sisi wawili tunapiga pasi. Nguo hazikuungua tena.

Jumatano moja asubuhi nilikuwa nje naanika. Nikasikia Mama akipiga kelele.

"Njoo! Njoo mbio! Ndio wenyewe!"

Nikaliachia shuka, likaanguka mavumbini. Nikakimbia, nikateleza kwenye maji ya sabuni, nikainuka. Nilipofika mlangoni, mtangazaji alikuwa ameshaanza kuongea. Wimbo ulikuwa umekwisha.

"Mara ya nne," nikasema. Nikaanza kulia kama mtoto, mtu mzima mimi. Hata sikukumbuka kwamba simu huweza kurudisha wimbo nyuma.

Mama alikumbuka. Alifuta kidole kwenye aproni. Akainama juu ya bakuli.

"Samahani, mwanangu," akamwambia mtangazaji. "Kidogo tu." Akabonyeza. Mtangazaji akanyamaza katikati ya neno.

Kisha Mama akabonyeza kile kishale cha kurudisha nyuma. Akabonyeza tena, na tena, huku ulimi umemtoka kidogo kwa umakini. Wimbo ukaanza mwanzo.

Nilisimama karibu naye. Magitaa yaliingia kwanza. Halafu ngoma. Haikuwa na haraka. Ilipiga, ikangoja, ikapiga. Nikatazama mkono wa Mama mezani, ulikuwa unagonga sawasawa nayo bila kujua. Ndipo nikafahamu kwa nini Mama hupiga pasi vile anavyopiga. Miaka yote ile nimefanya kazi kwa mwendo wa baba yangu, na mimi sina habari.

Magitaa yakaisha. Pakawa kimya kidogo.

Ikaja chafya. Kubwa, isiyo na haya, ya mtu mwenye kifua. Watu wakacheka nyuma yake.

Mama alikuwa ameshafungua mdomo kumjibu. Akaufunga, akanitazama mimi.

"Afya, baba," nikasema.

Mama akafuta kidole tena, akainama juu ya bakuli, akarudisha nyuma.

"Hakukusikia vizuri," akasema. "Mwambie tena."