Simu ya Kuongea kwa Mikono

Katika nyumba ya mpaka rangi, watu walinawa mikono kabla ya kuongea. Binti yao alizaliwa kiziwi, na nyumbani waliongea kwa lugha ya alama. Rangi ikikauka vidoleni, vidole huwa vigumu na maneno huharibika. Kwa hiyo kila jioni baba aliporudi kazini alikwenda moja kwa moja kwenye ndoo. Alijisugua kwa mafuta ya taa na sabuni, ndipo akasalimia.

Siku hiyo hakunawa. Aliingia akicheka peke yake, akakaa.

"Nimemweza," alimwambia mkewe. "Yule muuzaji wa simu, leo nimemweza."

Habari ya simu ilikuwa kubwa katika nyumba hiyo. Binti alikuwa amepata kazi. Karakana moja katika mji mwingine ilimchukua kushona vitambaa vya makochi, na alitakiwa kuondoka Jumatatu. Mama alikuwa ameweka sharti moja: binti awe na simu ya video, waonane kila siku. Kuandikiana kusingetosha, maana mama ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusoma.

"Mwanangu nisipomwona, sijaongea naye," alikuwa amesema. "Simu hiyo isipopatikana, safari hakuna."

Baba ndiye aliyetumwa dukani, kwa sababu hakuna aliyemshinda kwa kupatana bei. Sokoni wauzaji wakimwona anakuja, walianza kulalamika kabla hajafika.

"Simu mpya, kubwa," alieleza sasa. "Kianzio kidogo, halafu tunalipa kidogo kidogo kila siku kwa mwaka mzima. Na ina kifurushi ndani yake. Nikamwambia dakika za kupiga ni chache. Nikageuka kuondoka. Akaongeza. Nikageuka tena. Akaongeza tena. Mama, nimepata dakika ambazo hata mbunge hazimalizi."

Mkewe alimtazama. "Dakika za nini?"

"Za kupiga simu. Za kuongea na..."

Baba alimgeukia binti.

Binti alikuwa akitazama midomo yao. Aliuliza kwa mikono baba amesema nini, na mama akamweleza. Binti alicheka mpaka akashika meza.

"Mwambie asisahau kuninunulia na redio," alisema kwa mikono. "Kubwa."

Baba aliinuka, akaenda kunawa.

Bahati yao, alikuwa hajalipa kitu. Kianzio kilitakiwa kesho yake. Mama alifunga khanga, akaenda kumwita jirani wa nyumba ya pili. Jirani huyu alifanya kazi miaka mingi katika kampuni ya simu, akipokea malalamiko ya wateja. Kila siku aliwaambia watu wasubiri kidogo, na watoto wa mtaa wakamwita Mama Subiri. Jina hilo halikumuudhi.

Alisikiliza habari yote bila kucheka.

"Shemeji, hukukosea peke yako," alimwambia baba. "Watu walionipigia kulalamika, wengi walikuwa wamenunua ofa ya mtu mwingine."

"Mtu gani?"

"Yule anayecheka kwenye tangazo. Wewe anza na matumizi yako. Bei ije baadaye. Huyu mtoto simu ataitumia kufanya nini?"

"Kuongea na sisi. Kwa video."

"Basi dakika hazimsaidii. Simu ya video inakula intaneti. Ofa yako ina intaneti kiasi gani kwa siku?"

Baba alikitaja kiasi hicho kwa sauti ya chini. Hakuwa amekipigania hata kidogo.

"Tupime," alisema Mama Subiri.

Alimpa binti simu yake, akamtuma chumbani. Mama alibaki jikoni na simu ya baba, ile iliyopasuka kioo. Mara tu walipoanza, tatizo jingine lilionekana. Anayeongea kwa mikono hawezi kushika simu. Mama aliiegemeza kwenye sufuria, ikaanguka. Binti, kule chumbani, alikwishachukua kopo la rangi, akabana simu yake kwa kitambaa, ikasimama wima. Alimwonyesha mama namna ya kufanya. Kisha wakaongea kuhusu shuka za kubeba, na nani atamwagilia mchicha, na kama chumba atakacholala kule karakana kina dirisha. Baba aliwatazama. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba mazungumzo yanaweza kupimwa kama unga.

Robo saa ilipopita, Mama Subiri alifungua mipangilio ya simu yake, mahali panapoonyesha intaneti iliyotumika.

"Haya. Robo saa tu, na intaneti ya siku nzima ya ofa yako imekwisha. Na simu yako, itakayobaki hapa nyumbani, nayo imekula kiasi hichohicho. Watu husahau upande huo."

Binti aliyasoma yale maandishi ya simu, akatikisa kichwa kukubali. Halafu aliuliza swali ambalo hakuna mtu mzima aliyekuwa amelifikiria.

"Baba, wewe unalipwa lini?"

"Ukuta ukiisha," alijibu kwa mikono.

"Na mvua ikinyesha?"

Mvua ikinyesha, kuta za nje hazipakwi. Baba hukaa nyumbani, na hapati kitu.

"Ofa inataka malipo kila siku," alisema binti. "Siku ambazo hupati kitu, tutalipa nini?"

Mama Subiri aliomba atafsiriwe. Alipoelewa, alimgeukia baba.

"Huyu nilimkosa ofisini kwetu," alisema.

Asubuhi walikwenda dukani, baba, mama na binti. Njiani binti alimwandikia mshonaji mmoja wa kule karakana kwa simu ya baba, akamuuliza laini gani inashika vizuri ndani ya vyumba vya kulala. Jibu lilikuja kabla hawajafika. Laini ya ile ofa ilishika barabarani tu, na ndani ilikuwa inakatika.

Muuzaji alimpokea baba kwa tabasamu. "Mzee wa dakika. Karibu."

"Leo sisemi mimi," alisema baba. "Anasema huyu. Mimi ni mdomo tu."

Binti alisimama mbele ya meza, akaanza. Baba alitafsiri neno kwa neno. Alisema "mimi" pale binti aliposema "mimi", wala hakuongeza lake.

"Simu hii nikiilipa leo yote, ni bei gani? Na nikiilipa kila siku mpaka mwisho, jumla yake ni ngapi?"

Muuzaji alipiga hesabu kwenye kikokotoo, akakigeuza waone. Kwa njia ya kila siku wangelipa bei ya simu moja na nusu.

Baba alikitazama kikokotoo. Hilo hakuliuliza jana. Alikuwa ameshughulika na kugeuka.

"Nikichelewa kulipa, inakuwaje?"

"Simu inajifunga," alisema muuzaji. "Unaweza kupiga namba ya dharura tu."

Binti alingoja tafsiri, akajibu. Baba alipata shida kulitamka jibu lake.

"Anasema... mimi nikipiga namba ya dharura, sitasikia wanachoniuliza."

Muuzaji aliweka kikokotoo chini. Alivuta kiti, akakaa, akamtazama binti mwenyewe badala ya baba.

"Kusema kweli, mzee, jana uliniomba dakika nikakupa dakika," alisema. "Hukuniambia ni za nani. Haya, dada. Niambie unachotaka."

Binti alisema. Simu iwe ya kawaida, hata kama ni ya toleo la zamani, mradi kamera ya mbele ionyeshe vidole bila ukungu. Muuzaji alitoa tatu. Binti alizijaribu moja moja kwa kuongea na mama aliyesimama mlangoni na simu ya baba. Mbili alizirudisha. Ya tatu ilikuwa nusu ya bei ya ile kubwa. Malipo yawe mara moja kwa mwezi, siku chache baada ya mshahara wake, na yaishe kwa miezi mitatu. Kabla ya simu kufungwa, atumiwe ujumbe wa kumkumbusha. Kifurushi kiwe cha laini inayoshika ndani ya karakana, kiwe cha intaneti tupu bila dakika hata moja, na kinachobaki kihamie mwezi unaofuata.

"Na kisijinunue chenyewe kikiisha," aliongeza. "Nataka kuulizwa."

Muuzaji alisoma masharti yote kwa sauti, baba akayatafsiri, na binti akaweka sahihi mwisho. Baba alikuwa amezoea kuondoka dukani akijisikia mshindi. Leo alijisikia mpole, na hisia hiyo haikumchukiza. Miaka yote alikuwa akipatana ili apewe zaidi. Binti yake alipatana ili apewe kinachomfaa.

Jumatatu alisafiri.

Mvua zilipokuja, baba alikaa nyumbani wiki mbili bila ukuta wa kupaka. Simu haikufungwa. Binti alilipa awamu ya pili kutoka kwenye mshahara wake, na intaneti ilibaki ya kuongezea mwezi uliofuata.

Jioni moja ya mvua alipiga kama kawaida. Alisimulia kuhusu kochi la ngozi walilomwachia ashone peke yake. Mama alitazama, kisha akasogea karibu na kioo.

"Kidole cha kati kina nini?"

"Hakina kitu."

"Unakificha. Maneno yako mengine hayakamiliki."

Binti alisita. Kisha akakileta kidole mbele ya kamera. Sindano ya cherehani ilikuwa imekichoma, kikafungwa kitambaa safi. Mama alimwambia akunje. Akakunja. Akamwambia anyooshe. Akanyoosha.

"Kitapona," mama alimwambia baba kwa sauti, kisha akamgeukia binti kwa mikono. "Sasa niambie habari za hilo kochi. Anza mwanzo."