Kiwanja Kilichorembwa Mno

Kila Jumamosi, baada ya kuosha vyombo, Kipenga alikimbilia kiwanjani kufagia na kuchora mistari ya chokaa. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu alikuwa na sauti ya kutoboa masikio. Kiwanja kilikuwa mali ya manispaa. Chama cha michezo, ambacho mwenyekiti wake alikuwa shangazi yake Kipenga, kilisamehewa kodi ya kiwanja hicho, maana hakikutafuta faida na kila mtoto wa mtaani alicheza bure.

Jumamosi hiyo mkaguzi wa kodi alikuwa anakuja kuamua kama msamaha huo uendelee. Ukifutwa, chama kingefungwa, kwani hakikuwa na fedha za kulipa. Shangazi alipokwenda kumpokea mgeni, Kipenga akaona ni zamu yake kuokoa jahazi. Wenye jezi akawapanga mstari. Watoto wa wafyatua matofali, waliokuja peku na udongo magotini, akawatoa nje na kufunga geti kwa kufuli.

"Mnatutia aibu. Rudini mgeni akishaondoka."

"Kwani kiwanja cha baba yako hiki?" aliuliza msichana mmoja mrefu.

Kipenga akageuka kuwanyoosha wenye jezi mstari.

Mkaguzi alikuwa mzee mkavu asiyepoteza maneno. Alipofika na shangazi na kufunguliwa geti, alihesabu wenye jezi, kisha akatazama nyuso zilizobanana kwenye uzio.

"Mwenyekiti, geti lina kufuli, na wachezaji ni kumi na wawili. Hiki ni kiwanja cha wachache, na wachache hulipa kodi."

"Mzee wangu, hapa hatufungi kamwe!" Shangazi alisema. "Sijui leo imekuwaje."

Kipenga angeweza kusema kufuli ni la kuzuia wezi. Uongo ulikwishamfika ulimini. Lakini alipomwona shangazi yake anahangaika kwa kosa lisilo lake, aliona haya.

"Ni mimi niliyefunga. Niliwafukuza wenzangu kwa kuwa ni wachafu. Shangazi hajui lolote."

Mkaguzi akasogea kwenye uzio. "Ninyi huwa mnacheza humu?"

"Kila siku," alijibu yule msichana mrefu. "Leo tu ndiyo tumefukuzwa kama kuku."

"Waingie," mkaguzi akaagiza.

Kipenga akawafungulia na kuwaomba radhi mbele ya wote. Msichana mrefu aliokota mpira akaanza kucheza. Mkaguzi alikaa kwenye benchi nusu saa nzima, akahesabu watoto thelathini na mmoja, ndipo akatia sahihi msamaha uendelee.

Alipoondoka, shangazi alimwita Kipenga kando.

"Umesema kweli, na hilo nimelipenda. Lakini sikiliza, mwanangu. Hatukusamehewa kodi kwa ajili ya jezi wala chokaa. Wale uliowaonea aibu ndio waliofanya tusamehewe."