Dobi na Chujio la Maji

Ndugu zangu, asubuhi ile nyumba ya dobi ilikuwa imetulia. Pasi ilikuwa ikipata moto, na bintiye wa miaka minne, Kitinda, alikuwa sakafuni akipanga vifungo. Mke wa dobi akamimina maji ya kunywa, akayanusa, akayaweka chini.

"Yana harufu ya matope, Baba Kitinda."

"Una pua ya mbwa wa polisi wewe. Mwenzako nimekunywa bilauri mbili."

Miezi kumi kabla, mteja mmoja alikuwa amemjaza dobi maneno kwamba floridi na dawa za maji ya bomba zinadhuru watoto. Dobi hakumuuliza daktari wala mtu wa idara ya maji. Alinunua chujio, akalifunga jikoni, na harufu ya dawa ikapotea kweli. Alifanya hivyo kwa mapenzi, hilo tusimnyime.

Shida ilianza kichungi cha ndani kilipomaliza muda wake. Maelezo yalisema kitupwe, kiwekwe kipya. Dobi akakiloweka kwenye sabuni, akakisuuza mara tatu, akakianika kambani katikati ya mashati ya watu.

"Wameandika kitupwe," mkewe alimkumbusha.

"Hao wanatafuta soko. Mimi natoa madoa ya wino, kitanishinda hiki?"

"Basi niwe nachemsha maji."

"Ukichemsha, chujio la nini?"

Mama wa watu akairudisha sufuria kabatini. Alikuwa amechoka kubishana, na mumewe akadhani amekubali. Maji yaliyochujwa yakawa yanakaa kwenye ndoo siku nne, siku tano.

Wiki ile ile mama aliponusa matope, Kitinda akaanza kuharisha na kutapika. Siku ya tatu macho yalikuwa yamezama, analia bila machozi. Wakambeba hospitali.

"Maji ya kunywa mnayatoa wapi?" muuguzi aliuliza.

Dobi akaeleza habari za chujio, sauti ikizidi kufifia.

"Baba, dawa uliyoitoa ndiyo iliyokuwa ikizuia vijidudu. Na kichungi kilichochakaa vinazaliana ndani yake. Sabuni haivimalizi."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Mshike mtoto mkono, nitafute mshipa."

Kitinda alitundikiwa dripu siku tatu, akapona. Mkewe hakumlaumu dobi. Hata nguvu za kulaumu hakuwa nazo. Waliporudi nyumbani akamvalisha mtoto gauni lake, likamteleza begani. Dobi akachukua sindano, akalipunguza pembeni, akampima. Likateleza tena. Akalifumua, akalipunguza tena.

FUNZO

Wazazi wenzangu, kuwa na wasiwasi na maji ya bomba si kosa. Ukihofia floridi, peleka maji yapimwe, uwasikilize wanaojua. Ukifunga chujio, badilisha kichungi kwa wakati wake. Maji yaliyotolewa dawa yasilale ndooni siku nyingi. Yachemshe na uyafunike. Na mwenzako akikwambia maji yananuka, yanuse na wewe. Naamini nyumba nyingi zinaweza kusalimika kwa hayo tu.