Samaki Waliohama Mapema

Alhamisi, saa moja asubuhi, Sabina alifungua kasiki ya nyumba ya wageni ya Bi Raya, pale Igogo, ili amtolee mteja mzigo wake. Ndani alikuta bahasha za wageni, hati ya nyumba na kitambaa chekundu kimekunjwa vizuri. Kipande cha dhahabu kilichofungwa ndani ya kitambaa hicho jana yake hakikuwemo.

Mwenye mzigo, Josephat Masele, alikuwa amesimama mbele ya kaunta na kikombe cha uji mkononi. Hakupiga kelele. Aliweka kikombe chini, akaenda getini, akafunga kufuli na kutia ufunguo mfukoni.

"Hatoki mtu," alisema. "Hata paka."

Kufikia saa tatu polisi walikuwa wamepekua vyumba vyote, magodoro, dari, mapipa ya taka na mifuko ya watu. Hawakuambulia kitu. Kasiki haikuwa imevunjwa, na funguo zake zilikuwa mbili tu. Mmoja alikuwa nao mwenye nyumba, Bi Raya, aliyelala Kisesa kwenye hitma na kurudi asubuhi ile baada ya kupigiwa simu. Wa pili aliuvaa Sabina shingoni, hauvui hata akienda kuoga. Kwa hiyo kila mtu alikuwa ameshajumlisha. Mkuu wa kituo aliagiza gari lije saa nane mchana kumchukua Sabina, akamwachia Sajini Teodora Kashindye amalizie maelezo.

Teodora hakupenda kazi za kumalizia. Miaka ishirini ya upelelezi ilikuwa imemfundisha kwamba kesi inayojifunga yenyewe kuna mtu kaifunga. Alivuta kiti, akakaa mbele ya Sabina.

"Jana ulifunga kasiki saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili jioni, afande. Mzee Josephat akiona. Kila mwisho wa mwezi analeta mzigo wake, analala, asubuhi anaondoka nao."

"Kisha?"

"Nikaenda nyumbani kwa mtoto. Usiku mapokezi anakaa baba Nurudin, shemeji yake Bi Raya. Ni mdogo wa marehemu mume wake."

"Ufunguo ulimpa?"

"Sijawahi kumpa mtu." Sabina alikuwa amejifunga kanga kifuani, nayo ilikuwa imelowa. Aliona Teodora anaangalia, akainamisha uso. "Nina mtoto wa miezi minne. Sijamnyonyesha tangu alfajiri. Wakinipeleka mahabusu atanyonya nini?"

"Mimi sijasema unakwenda mahabusu."

"Wengine wote wameshasema."

Hilo lilikuwa kweli. Teodora akamwita Josephat.

"Mzee Masele, shikamoo. Dhahabu ile ni yako peke yako?"

"Marahaba. Tuko watatu." Josephat alimkazia macho. "Najua unakoelekea, mwanangu. Unadhani nimejiibia ili niwadhulumu wenzangu."

"Watu wameshafanya."

"Wameshafanya, ndiyo. Lakini mimi jana tangu saa moja jioni nilikuwa hapo barazani nacheza drafti na mlinzi. Alinifunga mpaka saa sita, mshenzi yule. Nikaingia kulala, wenzangu wawili wakiwa chumba hichohicho. Waulize kama sikukoroma."

Wenzake waliulizwa, wakacheka kabla ya kujibu. Alikuwa amekoroma.

Teodora akahamia kwa Nurudin. Alimkuta amekaa mapokezi kando ya tangi la samaki, tangi kubwa la kioo lenye urefu wa mtu aliyelala. Maji yake yalikuwa ya kijani, mazito kama mlenda. Asubuhi ile askari mmoja alilimulika kwa tochi, akaona kijani kitupu, akaendelea na mengine. Nurudin alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye shati lililopigwa pasi na kucha safi.

"Chumba changu wamekipekua mara mbili," alisema kabla hajaulizwa. "Ufunguo wa kasiki sina. Usiku sikumwona mtu."

"Na hili tangi nalo limekufa?"

"Halijafa, afande. Limeingia mwani."

"Mwani unaletwa na nini?"

Uso wa Nurudin ukachangamka. Ilionekana watu hawamwulizi swali hilo mara nyingi. "Mwanga ukizidi, chakula kikizidi, na mwenye tangi akiwa mvivu. Taa yangu inawaka saa saba tu kwa siku, basi. Jua la dirishani ni sumu, silitaki kabisa. Mimea inatakiwa ijae, ili iunyang'anye mwani chakula. Samaki nawapa kidogo, wanachokimaliza palepale. Kila Ijumaa natoa robo ya maji na kuweka mengine yaliyolala kwenye pipa, ile dawa ya maji ya bomba iwe imetoka. Ukifuata hayo, mwani haukai. Nimelitunza tangi hili miaka tisa, haujawahi kunishinda."

"Isipokuwa safari hii."

"Safari hii ni bahati mbaya."

Jua la asubuhi lilikuwa linamchoma Teodora shingoni. Akasogeza kiti upande wa pili. "Samaki wako wapi?"

"Uani, kwenye beseni. Niliwahamisha maji yalipochafuka. Ni furu, afande, furu wa zamani. Ziwani sangara amewala mpaka kuwapata ni kazi. Wakifa hawa sitapata wengine."

"Utalisafisha lini?"

"Wiki ijayo. Ukilivuruga sasa, mimea yote inakufa. Nawaomba lisiguswe."

Teodora akaitikia kwa kichwa, akatoka nje.

Uani alimkuta Yeremia, mlinzi wa usiku ambaye mchana alilima mchicha nyuma ya nyumba. Ardhi ya tuta moja ilikuwa imechimbuliwa upya. Teodora aliliangalia tuta, kisha akamwangalia yeye.

"Mwangaluka, Yeremia," alimwamkia kwa kilugha. "Hapa umefukia nini?"

"Mwangaluka, mayo, mama yangu. Samadi."

"Chimba."

Yeremia alimkabidhi jembe. "Chimba mwenyewe, afande, maana nikichimba mimi utasema nimeruka mahali."

Teodora alivua viatu akachimba. Alichimba tuta zima, jasho likamtoka, akaambulia samadi ya ng'ombe na soli ya ndala kuukuu. Yeremia alikuwa ameegemea ukuta, anakula muwa.

"Asante sana," alisema. "Tuta lile pale nalo lina siri."

Teodora alicheka bila kutaka. Akakaa juu ya ndoo kupumzika, na hapo ndipo alipoliona beseni kubwa la plastiki kivulini. Pampu ndogo ilikuwa inatoa mapovu. Samaki kumi na wawili, wadogo kama kidole, wenye mapezi mekundu, walikuwa wanazunguka kwenye maji safi yaliyopambwa na vishada vya majani.

"Hawa waliletwa hapa lini?"

"Jumapili ya wiki iliyopita, nilipotoka kanisani. Mimi ndiye niliyeshika ndoo, yeye akiwachota kwa kiwavu."

"Mlichotaje samaki wadogo hivi kwenye maji ya kijani?"

"Kijani kipi? Siku ile maji yalikuwa meupe kama ya chupa. Chini kulikuwa na majani mafupi, utafikiri kiwanja cha mpira. Nikamwuliza, baba, hawa wazima unawatoaje? Akasema anataka kupanga upya mapambo. Kijani kilikuja baadaye, siku mbili tatu hivi."

Teodora aliacha kujipepea. "Una hakika?"

"Mimi mlinzi, mayo. Kazi yangu ni kuangalia." Yeremia alitema kapi la muwa. "Tena kama umemaliza dhahabu, nitafutie na mwizi wangu. Nina kopo la urea, mbolea ya mchicha, lilikuwa limejaa. Sasa limebaki nusu. Nani anakula urea?"

Teodora alivaa viatu vyake.

Bi Raya alikuwa chumbani, amekaa ukingoni mwa kitanda, bado na baibui la safari. Kwa mwanamke aliyezoea kuagiza, alionekana amechoka.

"Ufunguo wako, bibie. Ulikwenda nao Kisesa?"

"Siendi nao matangani. Unakaa kabatini, chini ya msala wangu wa kuswalia. Na nimeukuta palepale."

"Nani anajua?"

"Nani aingie chumbani kwangu aguse msala wangu?" Kisha akageuka kuliangalia kabati, kama mtu aliyesikia swali lake mwenyewe.

"Na nyumba hii unaiuza?" Teodora alikuwa amebahatisha tu, hati ya nyumba ndani ya kasiki ilikuwa imemkaa kichwani tangu asubuhi.

"Nimepata mnunuzi. Nimechoka na wageni. Mapokezi pale anataka kuvunja, aweke mkahawa."

"Shemeji yako alisemaje?"

"Nilimwambia mwezi uliopita. Alinipa kisogo. Alikwenda kulisha samaki."

Saa saba na nusu Teodora aliwakusanya wote mapokezi: Bi Raya na Josephat kwenye makochi, Sabina amesimama nyuma ya kaunta, Yeremia mlangoni na mpira wa kumwagilia bustani begani. Nurudin alikuwa palepale kando ya tangi.

"Gari linakuja saa nane," Teodora alisema. "Litaondoka na mtu. Bwana Nurudin, asubuhi umenifundisha vizuri. Nikumbushe, jua la dirishani ni nini kwa tangi?"

"Ni sumu."

"Dirisha lile linaingiza jua la asubuhi, na lina pazia zito. Pazia limevutwa pembeni na kufungwa kwa kamba, dirisha liko wazi. Kamba ina vumbi, haikufungwa leo. Nani kalifunga?"

Nurudin aliangalia pazia. "Wafagizi labda."

"Mimi ndiye ninayefagia," alisema Sabina. "Uliniambia pazia hilo nisiliguse."

"Haya. Mwani unataka mwanga na chakula. Mwanga tumeupata. Chakula kimetoka kwenye kopo la Yeremia."

"Nilijua tu," alisema Yeremia.

"Afande, mimi nitie urea kwenye tangi langu mwenyewe?" Nurudin alicheka kidogo. "Urea inaua samaki."

"Inaua. Ndiyo maana uliwatoa kwanza. Umeniambia uliwahamisha maji yalipochafuka. Yeremia alishika ndoo siku hiyo, na maji yalikuwa meupe." Teodora alisogea karibu. "Mtu asiyejua, tangi lake likiingia kijani, namwita mzembe. Wewe unajua kila kinacholeta mwani, na kila kimoja umekifanya kwa mkono wako. Hukushindwa. Ulikusudia."

"Kwa faida gani?"

"Watu wanakaa kwenye makochi haya kutwa nzima wanalitazama. Chini kuna majani kama kiwanja cha mpira. Ukichimba shimo pale, kovu litaonekana mpaka barabarani. Ulihitaji pazia la kulificha, ukaliotesha. Wiki nzima kabla dhahabu haijafika, maana mzee Masele anakuja kila mwisho wa mwezi kama mshahara. Yeremia, fungulia maji yaende kwenye mchicha."

Yeremia alizamisha ncha moja ya mpira, akavuta kwa mdomo ile nyingine, akatema na kulaani. Maji yakaanza kutoka kupitia dirishani. Kijani kilishuka kiooni polepole, kikaacha utando, na Teodora akaupangusa kwa kiganja. Kwanza lilionekana gogo. Kisha majani marefu yakalala kwa kukosa maji. Chini yake kikatokea kiwanja chenyewe, kimebana na kulingana, isipokuwa nyuma ya gogo. Hapo majani yalikuwa yameng'olewa na kupachikwa tena ovyo, mengine yameelea.

"Basi," alisema Nurudin. "Funga maji. Majani ya mbele yatakauka."

Alikunja mkono wa shati, akaingiza mkono nyuma ya gogo, akatoa kipande cha dhahabu chenye mizizi myembamba imekishika. Alikipangusa kabla ya kukiweka mezani. Josephat alikichukua, akakipima kwa kiganja, akafumba macho.

"Nyumba hii nimeijenga na kaka," Nurudin alimwambia Bi Raya. "Nimebeba tofali. Amekufa, imekuwa yako, na mimi nimekuwa mtu wa zamu ya usiku. Nikasema sawa, tangi langu ninalo. Ukaja kuniambia wanaweka mkahawa."

"Ungeniambia, shemeji. Ningekupa tangi."

"Nikaliweke wapi? Nilitaka niinunue mimi. Nilichukua ufunguo wako ulipokuwa Kisesa, nikaurudisha ulivyokuwa."

"Na mimi, baba?" Sauti ya Sabina ilikuwa ndogo. "Ulijua ni funguo mbili. Ulijua watasema ni mimi."

"Mimi sikukutaja popote."

"Ulinyamaza," alisema Teodora, akitoa pingu. "Samaki kumi na wawili uliwatoa kabla ya kutia sumu. Huyu ana mtoto mchanga, ukamwacha humohumo ndani."

Nurudin alishusha mkono wa shati aliokuwa ameukunja. Alinyoosha mikono. Nje gari la polisi lilikuwa linapiga honi, na Josephat alikwenda kulifungulia geti. Kwenye mlango Nurudin alimgeukia Yeremia.

"Maji ya bomba usiwawekee samaki moja kwa moja. Yalaze kwanza."

"Nimesikia, baba."

Bi Raya alikuwa bado hajainuka. Aliita, "Sabina, mwanangu, njoo tuzungumze."

Sabina alivua ufunguo shingoni, akauweka juu ya kaunta bila kuutupa. Kisha akakaza kanga kifuani, akapita kando ya gari la polisi, akaanza kukimbia kuelekea nyumbani.