Maji Yaliyoteremka Mkunya

"Mbega, unanipata?"

"Nakupata."

"Walter ameshapita Masasi. Asivuke Ruvuma."

Redio ikakatika.

Nurdini akatia gia, pikipiki yake ya Boxer ikaunguruma kuupanda mlima wa Newala. Alikuwa jasusi wa idara isiyo na kibao mlangoni. Sauti ya Ziada, mkuu wake, ndiyo pekee iliyomwita mwaka mzima, na hata hiyo haikumwita kwa jina lake, bali Mbega.

Mzigo wenyewe ungeenea kiganjani: chupa ya kioo yenye bakteria waliokwanguliwa kwenye mwani wa pwani ya Mtwara. Bakteria hao hutoa kitu kinachowafukuza kombe na magugu yanayoota kwenye matumbo ya meli. Meli iliyootewa hivyo huwa nzito, hubugia mafuta, na rangi za kuzuia balaa hilo zina sumu ya kuua samaki. Kwa bakteria hao, Daktari Yuliana alikuwa amepata rangi isiyoua kitu. Ndipo Walter, mtu wa kiwanda kimoja cha ng'ambo, alipoichoma maabara yake na kutoweka na mbegu ya mwisho iliyobaki duniani.

"Wasipigwe na joto," Yuliana alikuwa amesema. "Jua la mchana likiwachemsha, wamekwisha."

Mkunya.

Nurdini aliegesha kwenye mikorosho, juu ya njia ya miguu inayoshuka bondeni hadi Ruvuma, mto wa mpakani. Hakuvua kofia ngumu. Hapa ndipo alipozaliwa, na hapa ndipo idara ilipoleta habari za uongo za kifo chake. Dua ya arobaini yake ilishasomwa.

Wanawake wawili walikuwa wakipanda kutoka chemchemini, ndoo vichwani.

"Mama Nurdini, umemwona yule mkaka? Anateremsha dumu la maji bondeni."

"Nimemwona, Dominika. Labda mto umeomba kuongezewa."

"Kesho atatubebea moshi atuletee jikoni."

Wakacheka.

Nurdini aliganda. Mama Nurdini alikuwa Mwanasha, dada yake. Mtoto alikuwa amepewa jina la marehemu.

Kisha lile jingine likamgonga. Dumu limejaa, na linashuka. Mkunya nzima hupandisha maji. Hakuna mtu wa huku anayeyateremsha.

Akaruka mawe kama mbuzi.

Walter alikuwa amevaa shati la shamba, jembe begani, dumu mkononi. Aligeuka na Beretta yenye kizuia mlio. Risasi ikapasua gome la mti. Glock ya Nurdini, nayo isiyo na mlio, ikajibu mara moja tu, na bastola ya Walter ikaanguka pamoja na damu ya kidole.

Walter akalipiga teke dumu.

Likapasukia mwambani. Maji ya bahari ya kuwapoza bakteria yakamwagika, yakanywewa na vumbi, na chupa iliyokuwa imefichwa ndani ikabaki juu ya jiwe la moto.

Nurdini akamfunga pingu kwenye shina la mti.

"Haya, panda nayo," Walter alisema akitabasamu. "Ukifika juu utakuwa na supu."

Nurdini aliitia chupa ndani ya shati, akakimbia. Kioo kilikuwa kinapata joto kifuani mwake.

Akawafikia wale wanawake njiani.

"Mama, naomba maji. Niitumbukize hii."

"Maji ya kuogeshea chupa?" Dominika alisema. "Mwendesha pikipiki, jua limekupanda kichwani. Shuka ukachote."

Mwanasha alitua ndoo yake. Safari nzima ya asubuhi ilikuwa humo.

Chupa ikazama.

"Chukua na ndoo," alisema. "Sauti yako..."

"Imefanyaje?"

"Kaka yangu alikuwa nayo. Alifariki."

Nurdini alikitazama kivuli chake ndani ya maji.

"Pole sana, mama," alimwambia dada yake.

Mwanasha alikiangalia kioo cheusi cha ile kofia.

"Asante, baba," akasema. "Nenda. Mwendo mwema."

Barabarani Land Cruiser ya idara yenye sanduku la barafu ilikuwa inasubiri. Vijana wawili wakashuka bondeni kumfuata Walter. Nurdini akakabidhi ndoo, akawasha redio.

"Wako hai?" Ziada aliuliza.

"Wako hai."

"Safi. Kuna mtu aliyekutambua?"

"Hakuna."

Akatia gia, akaipita nyumba ya mama yake bila kupunguza mwendo.